Sanaa ya Kakamega ingali nje ya lango la shule

WANAFUNZI wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walipojiunga na Gredi ya 10 mwezi Januari 2026, sanaa ilipewa kiti cha mbele katika elimu ya Kenya. Sanaa na Sayansi ya Michezo sasa ni mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu. Mikondo mingine ni ule wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, na ule wa Sayansi za Jamii.

Katika mipango yake, serikali ililenga kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, asilimia 25 sayansi za jamii na asilimia 15 sanaa na michezo. Fungu hilo la mwisho laonekana dogo, lakini si dogo hata kidogo. Watahiniwa wa Gredi ya 9 mwishoni mwa mwaka 2025 walizidi milioni moja. Asilimia 15 ya idadi hiyo ni zaidi ya vijana 150,000 wanaotarajiwa kusomea muziki na densi, uchoraji na ufinyanzi, tamthilia na filamu, au michezo.

Ni nani basi atakayewafundisha, na kwa vifaa gani?

Katika Kaunti ya Kakamega swali hilo lina kinaya chake. Kaunti hiyo haina uhaba wa mafundi wa sanaa. Ina wafinyanzi, wapiga ngoma, wachezaji na watungaji ambao kazi zao zimetambuliwa hadi Paris. Kinachokosekana ni utaratibu wa kumtoa fundi huyo nyumbani kwake na kumfikisha darasani, kisha kumrudishia jamii kile kilichozaliwa darasani humo.

Njia moja ya kuziba pengo hilo ni ya gharama nafuu. Shule humkaribisha msanii akae na kufanya kazi yake ndani ya ua wa shule kwa muhula mmoja, huku wanafunzi wakimwona na kushirikiana naye. Muhula unapokaribia kwisha, shule hufungua milango na kuandaa maonyesho ambamo kazi za msanii, za wanafunzi na za wenyeji huwekwa pamoja. Nchi nyingine zimeijaribu njia hii, na sheria za Kenya haziizuii. Hata hivyo, bila maandalizi itakwama katika mambo matatu: fedha, umiliki na uhuru.

Kwanza ni vyema kutambua kilichoko nje ya lango. Anayesafiri kwa barabara kuu kutoka Kisumu kuelekea mjini Kakamega hupita Ilesi, palipo na lile jiwe maarufu ambalo maji yake yanayochirizika yamelipa jina la Jiwe Linalolia. Kando ya barabara hiyo vyungu hupangwa kwa safu, vikisubiri wanunuzi. Kuna vya kupikia mboga, vya kuhifadhia maji na vya kupandia maua. Ufinyanzi wa Ilesi ni kazi inayorithishwa kwa mikono. Udongo huchimbwa, hukandwa hadi ulainike, huundwa, huachwa ukauke polepole, kisha huchomwa. Katika kila hatua kuna elimu. Chungu kilichokaushwa kwa pupa hupasuka motoni, na udongo usiochanganywa vizuri hauhimili joto. Hiyo ni kemia na fizikia, ingawa mfinyanzi hana haja ya kuiita hivyo.

Wapo pia Waisukha na Waidakho, wenye ngoma ya isukuti. Ngoma zake hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya wastani na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya paa na njuga za chuma. Isukuti huchezwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, katika harusi, matanga, mieleka na mapigano ya fahali. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Neno dharura halikutumiwa kwa bahati mbaya. UNESCO ilieleza kwamba urithishaji wa isukuti unadhoofika na kwamba idadi ya michezo yake inapungua. Wengi wa wanaoishikilia ni wazee wasio na warithi. Fedha na vifaa vya kutengenezea ala na mavazi ni haba, na baadhi ya watungaji huona afadhali watunge nyimbo za kisasa zenye soko. Ngoma inaweza kutambulika ulimwenguni na bado ikafa kijijini. Mahali ambapo vijana hukusanyika kila siku siku hizi ni shule. Ikiwa mzee wa isukuti hana nafasi shuleni, hana mahali pengine pa kuwapata warithi kwa wingi.

Historia ya Kakamega yenyewe inaonyesha thamani ya shule inayoipokea sanaa. Gregory Maloba alizaliwa Mumias mwaka 1922. Kipaji chake cha kuchonga kilikomaa ng'ambo ya mpaka, katika Chuo cha Makerere nchini Uganda, ambako Margaret Trowell alikuwa ameanzisha masomo ya sanaa mwaka 1937. Miaka miwili baadaye kazi za wanafunzi wa Trowell zilionyeshwa London. Maloba alisoma hapo, akafundisha hapo, na Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962 ni yeye aliyeunda Mnara wa Uhuru unaosimama hadi leo jijini Kampala. Baadaye alirejea Kenya na kufundisha katika chuo kikuu jijini Nairobi.

Mwana wa Mumias aliacha alama yake kubwa kabisa katika mji mkuu wa nchi jirani kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na shule iliyomfungulia mlango. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Maloba alitunzwa kwanza ugenini.

Ndani ya Kenya sanaa imekuwa mgeni wa kupokewa na kufukuzwa shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliweka uzito kwenye kazi za mikono, na sanaa, ufundi na muziki vilitahiniwa katika darasa la nane. Wazazi walilalamikia mzigo wa masomo na gharama ya vifaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani huo ulipunguzwa ukabaki na masomo matano, na sanaa ikaachwa nje. Somo lilibaki kwenye ratiba, lakini katika shule nyingi kipindi chake kilitumiwa kwa hisabati au Kiingereza. Somo lisilotahiniwa halikuwa na mtetezi.

Dalili za historia kujirudia hazikosekani. Mwaka 2024 masomo ya sekondari msingi yalipunguzwa kutoka 14 hadi tisa, na sanaa za maonyesho, uchoraji na michezo vikaunganishwa kuwa somo moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya msingi, yaani kumpunguzia mwanafunzi mzigo. Hata hivyo, kuna walakini. Mwalimu mmoja hawezi kuwa bingwa wa kandanda, ngoma, rangi na udongo kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayefika Gredi ya 10 akiwa amegusa ufinyanzi kwa juu juu anahitaji mtu aliyeuishi ufinyanzi.

Mahali pekee ambapo sanaa ya shule haikufifia ni kwenye mashindano. Tamasha la muziki nchini lilianza mwaka 1927 na lile la drama mwaka 1959, na shule za Magharibi zimekuwa zikitamba katika yote mawili. Tamasha hizo zimekuza vipaji vingi. Lakini mashindano yana mipaka yake. Huchukua wachache walio bora, huwafunza kwa majuma kadhaa ili wawashinde wenzao, kisha mavazi hurudishwa sandukuni. Mara nyingi mzee wa ngoma huitwa kunoa kikundi kabla ya tamasha, hulipwa kifuta jasho na kuagwa. Jamii iliyoizaa ngoma hiyo huenda isiione kamwe, kwa kuwa jukwaa liko mji mwingine na hadhira ni majaji.

Msanii mkaazi hufanya kazi kwa namna tofauti. Hafundishi kwa ajili ya kombe. Huendelea na kazi yake mwenyewe, na mwanafunzi humwona akikosea, akivunja na kuanza upya. Nchini Italia, mji wa Reggio Emilia ulianza kuendesha shule zake za chekechea mwaka 1963 na kuziwekea karakana yenye msanii kama sehemu ya wafanyakazi wa kawaida. Chimbuko la shule hizo ni juhudi za wanakijiji waliotoka katika Vita vya Pili vya Dunia wakiwa mafukara. Hawakungoja utajiri ndipo waithamini sanaa ya watoto.

Afrika Mashariki nayo ina uzoefu wa kuwapa wasanii mahali pa kufanyia kazi. Kuona Trust ilianza mwaka 1995 katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Kituo cha GoDown kilifuata mwaka 2003, na Nafasi Art Space ikafunguliwa Dar es Salaam mwaka 2008. Vituo hivyo vimelea wasanii wengi wenye majina. Lakini vimo katika miji mikubwa, na kijana wa Shinyalu au Ikolomani hawezi kuvifikia bila nauli na malazi. Shule, kinyume chake, iko katika kila kata, na tayari ina ukumbi, maji, walinzi na madawati.

Hapo ndipo suala la fedha linapojitokeza, nalo limefungamana na Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne la Katiba liliipa Serikali Kuu elimu ya msingi na sekondari. Kaunti zilipewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, pamoja na maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Kwa hivyo mfinyanzi wa Ilesi akiwa nyumbani ni jukumu la kaunti. Akivuka lango la shule ya upili, anaingia katika himaya ya Wizara ya Elimu. Akiwa mle, kaunti yaweza kusema shule si zake, na wizara yaweza kusema utamaduni si wake.

Tume ya Huduma za Walimu nayo huajiri walimu waliosajiliwa. Fundi asiye na cheti cha ualimu, hata awe hodari namna gani, hawezi kuingizwa kwenye orodha yake ya mishahara. Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa umekuwa Sh22,244 kwa mwaka tangu 2018, na walimu wakuu wamelalamika mara kwa mara kwamba huchelewa au huja pungufu. Kuitaka shule imlipe msanii kutokana na mgao huo ni kuitaka imnyang'anye mwanafunzi chaki.

Ufumbuzi upo, nao ni makubaliano ya maandishi kati ya ngazi hizo mbili. Kaunti inaweza kumlipa msanii posho kupitia bajeti ya utamaduni, kwa kuwa kazi yake ni utamaduni. Shule inaweza kutoa chumba, mlo na ukumbi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaziruhusu bodi za usimamizi kukubali majengo ya shule yatumiwe kwa manufaa ya jamii kwa masharti yanayofaa. Kwa hivyo mwalimu mkuu anayefungua ukumbi kwa maonyesho ya wanakijiji havunji sheria yoyote. Anachohitaji ni bodi yenye moyo na kaunti yenye mpango.

Uzoefu wa Uingereza unatoa onyo kuhusu chanzo cha fedha. Mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo ilizindua mpango uliopeleka wasanii katika shule nyingi za England, hasa maeneo ya watu wa kipato cha chini. Mpango huo ulisifiwa, lakini ulitegemea mfuko mmoja wa serikali. Mfuko ulipokatwa, mpango ulifungwa mwaka 2011. Kakamega, ambayo haina fedha kama za London, haiwezi kuanza kwa kiwango kikubwa na kutegemea mfadhili mmoja. Shule tatu zenye wasanii watatu kila mwaka, kwa miaka kumi, zitaacha matunda mengi zaidi kuliko shule 50 kwa mwaka mmoja wa kampeni za uchaguzi.

Jambo la pili ni umiliki. Chungu kilichofinyangwa na fundi kwa udongo ulioletwa na wanafunzi, kikauzwa siku ya maonyesho, ni cha nani? Wimbo wa isukuti ukirekodiwa shuleni na kusambazwa kwenye mtandao, faida itamwendea nani? Maswali haya yameshasambaratisha vikundi vingi vya sanaa. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, ambayo inazitaka kaunti ziweke sajili ya maarifa hayo na inazitambua jamii kuwa wamiliki wake. Sheria hiyo ni silaha nzuri, ila silaha isiyotolewa alani haimlindi mtu. Maonyesho ya shule yanaweza kuwa mahali pa kuanzia. Kila kazi iliyoletwa iandikwe jina la aliyeitengeneza, jamii yake na bei yake, na mgao wa mauzo ukubaliwe kabla ya milango kufunguliwa.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, na Kakamega inalifahamu kwa uchungu. Sanaa inayoalikwa shuleni haiji na maua tu. Huja na maoni pia. Mwaka 2013 mchezo wa Shackles of Doom wa Shule ya Wasichana ya Butere, ulioandikwa na Cleophas Malala, ulipigwa marufuku katika tamasha la kitaifa kwa madai kwamba ungechochea chuki. Mahakama Kuu iliamuru uigizwe. Miaka 12 baadaye hali ilijirudia. Mwezi Aprili 2025 mchezo wa Echoes of War wa shule hiyo hiyo, ulioandikwa na Malala, ambaye kati ya 2017 na 2022 alikuwa seneta wa Kakamega, ulizuiwa hadi mahakama ilipoingilia kati. Wasichana hao walipofika Nakuru waliimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Polisi walifyatua vitoa machozi kuwatawanya watu waliokusanyika.

Kuna waliosema mwanasiasa aliwatumia watoto, na kuna waliosema serikali iliwaogopa watoto. Hoja zote mbili zilisikika kwa sauti ya juu. Lililosahaulika ni athari ya tukio hilo kwa mwalimu mkuu wa kawaida. Akiwa na kumbukumbu ya vitoa machozi, atafanya nini msanii atakapobisha hodi na kuomba chumba? Njia rahisi kwake ni kusema ukumbi umejaa.

Katiba, kwenye kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi. Kifungu cha 11 kinaitaka serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi, sanaa na sherehe za jadi. Lakini kifungu cha Katiba hakimpi mwalimu ujasiri wa saa nane mchana afisa anapopiga simu. Kinachoweza kumpa ujasiri ni utaratibu unaojulikana mapema: kamati ya walimu, wazazi na wasanii inayokubaliana kuhusu kazi zitakazoonyeshwa, vigezo vya umri vilivyoandikwa, na kanuni kwamba kazi haiwezi kuondolewa kwa amri ya simu. Bila hayo, shule zitachagua sanaa isiyomgusa mtu, na wanafunzi watajifunza kwamba msanii mwema ni yule asiyesema kitu.

Wazazi wenye mashaka nao wana haki ya kusikilizwa. Wengi wao huuliza mtoto atakula nini akifuata sanaa. Swali hilo si la ujinga, kwa maana vyungu vya kando ya barabara huuzwa kwa bei ya kutupwa na wacheza ngoma hulipwa kwa hisani. Maonyesho yanaweza kujibu sehemu yake, kwa kuwa humkutanisha fundi na mnunuzi bila dalali na humwezesha mzazi kuona kwa macho kazi ikipata bei. Hayawezi kuahidi ajira kwa wote, wala hayapaswi kuahidi hivyo.

Vilevile kuna usalama wa watoto. Mtu wa nje anayeruhusiwa kukaa shuleni, hasa ile ya malazi, lazima achunguzwe, apewe mipaka ya muda na mahali, na kazi yake ifanyike mbele ya mwalimu. Hili si la kujadiliwa. Shule isiyoweza kulitimiza isikaribishe mtu.

Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 mwaka 2026 watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Hiyo ndiyo mizani ya mkondo huu mpya. Wakimaliza wakiwa wamesoma ufinyanzi kwenye vitabu ilhali wafinyanzi wa Ilesi wako kando ya barabara, wazazi watakuwa na haki ya kuuita mkondo wa sanaa jalala la walioshindwa sayansi, na sanaa itaondolewa tena kama ilivyoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kaunti inaweza kuliepusha hilo kwa hatua ndogo kabla ya bajeti ijayo: kutenga posho za wasanii wachache, kutia saini makubaliano na Wizara ya Elimu, na kuzialika bodi za shule zilizo tayari zijitokeze. Shule ya kwanza itakayompa mfinyanzi chumba na wanakijiji ukumbi haitahitaji kuvumbua lolote. Udongo upo, ngoma ipo na sheria ipo. Uamuzi uko mikononi mwa wanaoshika funguo za lango.